Uchunguzi kifani hatua kwa hatua: kazi kubwa iko kwenye mipaka

Mapendekezo mengi ya utafiti ninayosomea wanafunzi yameandikwa "uchunguzi kifani" kwenye jalada, kumbe ndani ni hojaji na asilimia tupu. Uchunguzi kifani huchukua tukio, taasisi au kijiji kimoja na kukichimba kikiwa katika mazingira yake halisi.

1. Swali. Lianze na "kwa nini" au "vipi". Swali la "wangapi" liachie hojaji.

2. Mipaka. Hapa usiharakishe. "M-Pesa nchini Kenya" si kifani, ni bahari. Bana muda, mahali na wahusika: majaribio ya M-Pesa, kuanzia 2005 hadi ilipozinduliwa Machi 2007. Swali: kwa nini huduma iliyobuniwa ili wakopaji warejeshee mikopo midogo iligeuka kuwa ya kutumiana pesa? Hapo tayari unajua utamhoji nani: wakopaji, mawakala, maofisa wa mikopo, wabunifu. Unajua pia cha kuacha. M-Pesa ya Tanzania, iliyoanza 2008, ni kifani kingine, hata kama una data zake nzuri mkononi.

Lakini usibane hadi mazingira yakabaki nje. Usipoeleza kwamba watu walikuwa wakituma pesa nyumbani kwa mabasi au kwa ndugu anayesafiri, jibu lako litaning'inia. Na ukiwa uwandani ukaona mpaka haufai, usogeze, ila andika tarehe na sababu. Msimamizi atauliza, na ana haki.

3. Ushahidi. Mahojiano, nyaraka na kushuhudia mwenyewe. Jambo moja lithibitishwe na angalau vyanzo viwili. Mimi hutumia daftari la karatasi: ukurasa wa kushoto alichosema mtu, wa kulia ninachofikiri mimi. Programu za kuchambua data zije baadaye, kama ni lazima.

Lisilotarajiwa usilifute. Katika majaribio yale, wafanyabiashara waliweka mauzo ya siku kwenye simu ili yalale salama, na wasafiri waliweka taslimu walikotoka wakazitoa walikofika. Kwenye hojaji mambo hayo yangeishia kwenye kisanduku cha "mengineyo", nayo ndiyo yanayoelekeza kwenye jibu.

4. Kuandika. Simulia kwa mfuatano wa matukio, kisha uchambue. Usiseme "Wakenya wote"; sema ni hoja gani kifani chako kimeitia nguvu au kuitilia shaka.