Jinsi ya kumwita Mungu Baba kama baba yako alikuumiza

Wengi tunasali Baba Yetu kila siku ila moyo unagoma palepale mwanzoni, hasa kama baba wa nyumbani alikuwa mlevi au aliondoka ukiwa mdogo. Sasa fanya hivi, usianze na baba yako halafu ukampima Mungu kwake, anza na Yesu, maana kwenye Yohana 14 Filipo aliomba waonyeshwe Baba na Yesu akamjibu kwamba aliyemwona yeye amemwona Baba. Kwa hiyo chukua Injili ya Luka usome taratibu, angalia Yesu anavyomgusa mwenye ukoma, anavyokula na watoza ushuru, ndivyo Baba alivyo.

Ukifika sura ya 15 kaa hapo hata wiki nzima. Yule baba wa kwenye mfano wa mwana mpotevu alimwona mwanae akiwa bado mbali akakimbia kumlaki, mzee mwenye heshima zake anakimbia jamani! Kijana alishapanga maneno ya kuomba awe kibarua tu, hata hakuachiwa amalize. Na kaka mkubwa aliyenuna, baba alitoka nje kumbembeleza na yeye.

Kwenye kusali usilazimishe machozi, mwambie tu, Baba, naogopa kukuita hivi. Zaburi 27 mstari wa 10 inawataja kabisa walioachwa na baba na mama, isome kwa sauti. Na kama anayekuumiza bado anakupiga, toka hapo kwanza, tafuta mtu mzima unayemwamini umwambie, sala utaendelea nayo ukiwa salama.