Kabla ya kununua kichwa cha semi, soma namba zake

Wengi huanza na rangi na kabini. Anza na namba. Chukua Mercedes Actros 1844: 18 ni uzito wa juu wa gari lenyewe na mzigo kwa tani, tela halihesabiwi, 44 zidisha kwa kumi, upate takriban nguvu za farasi 440. Scania R420, hiyo 420 ni farasi moja kwa moja.

Kisha uliza kama ni 4x2, 6x2 au 6x4. Namba ya kwanza ni sehemu za magurudumu (mapacha huhesabiwa moja), ya pili ni zinazovuta. 6x4 ndiyo dabo difu, yaani ekseli mbili za nyuma zinavuta. Kwa mzigo mzito wa kupanda mlima Kitonga kule Iringa, au barabara ya tope, mimi nachagua hiyo, ingawa 6x2 hunywa dizeli pungufu kuliko 6x4.

Ukishanunua, fungua vali za chini ya matangi ya upepo wa breki mara kwa mara, utoe maji. Yakitoka na oili nyingi, kompresa (pampu inayojaza upepo huo) ikaguliwe mapema. Maji hayo hutia kutu vali za breki, na tangi lililojaa maji halina nafasi ya kutosha ya upepo unaouhitaji mteremkoni.