Somo: Kuzalisha sungura, tangu kupandisha hadi kuachisha ziwa

Kabla ya yote, jiulize watoto watakwenda wapi. Jike anaweza kuzaa wanane kwa mkupuo, na sungura akitunzwa vizuri huishi miaka 8 au zaidi. Kama huna jibu, usipandishe.

Hatua ya 1: Kupandisha. Jike ndiye apelekwe kwenye banda la dume. Akiletewa dume kwake anaweza kumng'ata vibaya, maana hulinda sana makao yake. Awe na miezi 6 hivi kwa aina ndogo, 8 au 9 kwa aina kubwa. Dume akimaliza huanguka ubavu. Mtoe jike, andika tarehe.

Hatua ya 2: Sanduku la kuzalia. Mimba huchukua siku 28 hadi 32, mara nyingi 31. Siku ya 28 weka sanduku lenye nyasi kavu tele. Atazibeba mdomoni akitengeneza kiota, kisha atajing'oa manyoya kufunika watoto.

Hatua ya 3: Siku 10 za mwanzo. Hapa ndipo wafugaji wapya wanapohangaika bure. Mama hawaatamii watoto. Huingia mara moja au mbili kwa siku, zaidi usiku au alfajiri, akanyonyesha dakika chache na kwenda zake. Hajawatelekeza!

Kila asubuhi nawa mikono, shika kwanza nyasi za banda lake, halafu fungua kiota. Toa waliokufa. Tazama matumbo: aliyeshiba ana tumbo la duara, na weupe wa maziwa unaonekana chini ya ngozi. Aliyekosa amejaa makunyanzi na hatulii. Ukikuta mtoto sakafuni, mrudishe wewe, kwani huenda alitoka ameng'ang'ania chuchu na mama hajui kumbeba.

Hatua ya 4: Kukua. Macho hufumbuka siku ya 10 hadi 12. Wiki ya 3 wanatoka na kuanza kutafuna nyasi. Waachishe wakiwa na wiki 6 hadi 8, bila kubadili chakula ghafla, la sivyo wataharisha, na kuharisha huua upesi. Tenga madume na majike kabla ya wiki 12.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, jike wangu kang'oa manyoya siku ya 17 na hakuzaa. Anaumwa?*
Hapana ndugu, ni mimba ya uongo. Itaisha yenyewe.

*Dume anaweza kubaki na mama na watoto?*
Mtenge mapema. Jike hushika mimba tena siku ileile aliyozaa, na mwili wake haujapumzika.

*Nimekuta kitoto kimepoa kabisa. Nikizike?*
Usiharakishe, dada. Kifunge kwenye kitambaa, kilaze karibu na chupa ya maji ya uvuguvugu. Wengine huanza kuchezesha miguu taratibu. Usimpe maziwa akiwa baridi. Mrudishe kiotani katikati ya wenzake mara tu mwili ukishapata joto.