Mbegu ya vuli ifukie sentimita saba, si mbili

Kila Novemba wenye maduka ya pembejeo katika tambarare za Same, Mwanga, Korogwe na Handeni huuza mbegu za mahindi kwa mara ya pili, kwa wakulima wale wale na kwa mashamba yale yale. Ukimuuliza mkulima kilichotokea, atakwambia mvua imemdanganya: ilinyesha, mahindi yakaota, jua likawaka, yakafa. Nasema wazi kwamba mvua haikumdanganya mtu. Mbegu ilifukiwa sentimita mbili, na mbegu iliyofukiwa sentimita mbili katika vuli hufa namna hiyo hiyo.

Sizungumzii nafasi kati ya mistari, palizi wala viwavijeshi. Hayo mnayajua, na wengi mnayafanya vizuri. Nazungumzia kina cha mbegu kwa wale mnaopanda kwenye udongo mkavu kabla mvua haijaanza. Kupanda hivyo si kosa, na mimi nakuunga mkono, kwa sababu vuli yetu ni fupi na anayesubiri ardhi ilowe ndipo atafute jembe na kibarua hupoteza wiki nzima ya mvua. Ila anayepanda kwenye vumbi hana haki ya kupanda juu juu.

Tatizo linaanzia kwenye kumbukumbu: vuli za mafuriko tunazikumbuka, za ukame tunazisahau. Ukitaja vuli, wazee watakuhadithia ile ya 1961, mwaka wa Uhuru, mvua ilipopiga Oktoba hadi Desemba katika Afrika Mashariki yote na maji ya Ziwa Victoria yakapanda zaidi ya mita moja katika miezi michache. Walio katika umri wa makamo watakutajia El Niño ya 1997, mvua iliyoanza Oktoba ikaendelea hadi mwaka uliofuata, barabara na reli zikakatika Tanzania na Kenya. Vijana wanaijua ya 2019: Oktoba ile barabara ya Handeni kwenda Korogwe ilikatika, na Desemba bado ilikuwa inanyesha. Kule milimani Same hakuna aliyesahau Novemba 2009, mlima ulipoporomoka Mamba Miamba na kufukia watu. Na tarehe 3 Desemba 2023 matope yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya Katesh na kuua watu zaidi ya 80.

Miaka hiyo inakumbukwa kwa sababu iliumiza. Lakini nani anayehadithia vuli ya 2005? Mvua ilikuwa haba kiasi kwamba mwanzoni mwa 2006 bwawa la umeme la Mtera lilipungua na nchi nzima ikawa na mgao wa umeme. Vuli ya 2010 ilishindwa, ikafuatiwa na ukame mkali wa 2011 katika Pembe ya Afrika. Ya 2016 ilikuwa kavu. Ya 2021 ilikuwa mbaya, na ilipofika Januari 2022 ng'ombe walikuwa wanakufa kwa wingi Simanjiro, jirani zetu kabisa. Iliyofuata, ya 2022, ilichelewa hadi Mto Ruvu ukapungua na Dar es Salaam ikapata maji kwa mgao.

Kinachozitenganisha vuli hizi kwa kiasi kikubwa ni bahari. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipata joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, unyevu mwingi huja kwetu. Ikiwa kinyume chake, mvua hubaki huko kwao. Miaka ya 1961, 1997 na 2019 joto lilikuwa upande wetu. Mwaka 2016 lilikuwa upande wa pili. El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, husaidia, lakini si yenyewe peke yake: 2015 ilikuwa na El Niño yenye nguvu, watu wakajiandaa kwa mafuriko kama ya 1997, na mafuriko ya namna ile hayakuja kwetu.

Sasa angalia jambo moja kuhusu miaka hiyo yote, ya mafuriko na ya ukame. Mbegu iliyofukiwa juu juu hupata hasara pande zote mbili. Mwaka wa mafuriko maji yanayotiririka hukwangua udongo wa juu na kuondoka na mbegu, hasa pale mistari inapofuata mteremko. Mwaka wa ukame hunyesha manyunyu ya milimita 8 au 10 mwishoni mwa Oktoba, halafu kimya cha siku kumi na mbili. Manyunyu hayo ndiyo yanayoua. Ni machache kiasi kwamba hayakuzi mmea, na mengi kiasi kwamba yanaamsha mbegu.

Hesabu yake ni hii, na naomba uisome polepole. Kwenye udongo tifutifu uliokauka kabisa, milimita 10 za mvua hulowesha takriban sentimita 4 tu kwenda chini. Milimita 20 hulowesha takriban sentimita 8. Kwenye kichanga maji hushuka zaidi, na milimita 10 zinaweza kufika sentimita 8. Kwenye mfinyanzi mzito hazivuki sentimita 3. Kwa hiyo mbegu iliyo sentimita 2 au 3 kwenye tifutifu italoweshwa na manyunyu yoyote yale, na safu hiyo ya juu hukauka ndani ya siku nne au tano za jua la Novemba. Mbegu iliyo sentimita 7 haijui hata kama manyunyu yamepita. Inabaki kavu, imelala, inasubiri mvua ya milimita 20 ambayo ndiyo mvua ya kweli ya kupandia. Udongo wenyewe unakuamulia siku ya kuota. Hiyo ndiyo faida yote ya kupanda kabla ya mvua, na wewe unaitupa kwa sentimita tano.

Asiyeamini aingie shambani wiki moja baada ya manyunyu, achukue kisu na rula ya mtoto wa shule, achimbue kando ya mstari taratibu. Atakuta mbegu imevimba, ngozi imepasuka, mzizi mmoja mweupe umetoka urefu wa ukucha na ncha yake imeshageuka kahawia na kusinyaa. Mbegu iliyovimba tu bila kutoa mzizi inaweza kukauka tena na bado ikaota baadaye. Ikishatoa mzizi hakuna kurudi nyuma. Ukinyweshea baada ya hapo unanyweshea maiti.

Vipimo ni hivi kwa mahindi yanayopandwa kwenye udongo mkavu. Tifutifu: sentimita 7. Kichanga: sentimita 9, na usizidi 10. Mfinyanzi na udongo mweusi wa mbuga: sentimita 5, usiende chini zaidi, kwa sababu udongo huo ukilowa na kukauka huweka ukoko juu ambao chipukizi hushindwa kuutoboa. Wengine hufanya kinyume, wanapanda kina kirefu kwenye mfinyanzi kwa kuwa "ni mgumu" na juu juu kwenye kichanga kwa kuwa "ni mwepesi". Acheni hilo.

Najua hofu yenu: mbegu ikienda chini sana haitatoka. Kwa mahindi hofu hiyo haina msingi katika vina nilivyotaja. Chipukizi la mahindi hujirefusha kutoka kwenye mbegu hadi karibu na uso wa ardhi, na sentimita 7 au 8 halisumbuki nazo. Litachelewa siku moja au mbili tu. Ila linahitaji mbegu yenye nguvu. Kwa hiyo kabla ya kupanda, chukua mbegu 100, zikunje kwenye gunia bichi kwa siku saba, uhesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 85, mbegu hiyo usiifukie sentimita 9, na kwa kweli usiipande kabisa. Wanaochagua mbegu kwenye ghala la nyumbani wachukue punje za katikati ya gunzi, si zile ndogo za nchani.

Maharage ni habari nyingine. Harage hutoka ardhini likiwa limebeba mbegu yenyewe kichwani, na kutoka sentimita 7 shingo hukatika. Kunde na choroko ni hivyo hivyo. Hizi hazipandwi kwenye vumbi. Zinasubiri ardhi ilowe, sentimita 3 hadi 4. Mbaazi huacha mbegu yake chini, inaweza kwenda na mahindi kwenye sentimita 5. Mtama una punje ndogo, mwisho wake ni sentimita 4.

Kwenye kina ndiko kazi inakoharibika, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Mnapima nafasi ya mistari kwa kamba yenye mafundo, mnabishana juu ya sentimita 75 au 80, kisha kina mnamwachia kibarua anayelipwa kwa eka. Anayelipwa kwa eka hukwaruza kwa jembe mara moja, hudondosha punje, hufukia kwa unyayo na kusonga. Hiyo ni sentimita 2, mara chache 3. Simlaumu, anatafuta riziki yake. Namlaumu mwenye shamba aliyekaa kivulini.

Kata kijiti kilichonyooka, kichonge mwisho, weka alama ya kisu kwenye sentimita 9, si 7, kutoka nchani kwa kutumia rula. Mpe kila anayepanda kijiti chake. Kisha kumbuka jambo ambalo karibu kila mtu hulikosea: kina hupimwa kutoka kwenye mbegu hadi uso wa udongo baada ya kufukia na kugandamiza, si urefu wa shimo. Udongo uliotifuliwa hushuka. Shimo la sentimita 7 lililofukiwa kwa udongo mwepesi na kukanyagwa hubaki na sentimita 5. Kwa hiyo kwenye tifutifu chimba 9, fukia, gandamiza kwa kisigino mara moja, upate 7. Kila baada ya mistari kumi fukua mashimo matatu, pima. Ukikuta mawili kati ya hayo matatu hayafiki sentimita 6, simamisha kazi. Usiseme tutarekebisha mbele ya safari.

Mbolea ya kupandia iwe kando ya mbegu kwa sentimita 5 na chini yake kidogo, isiguse. Kwenye udongo mkavu mbolea iliyogusana na mbegu huiunguza mara unyevu kidogo unapofika. Urea isiingie shimoni kabisa wakati huu.

Kuhusu siku ya kupanda: Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa vuli mwishoni mwa Agosti, kisha hutoa taarifa za kila siku kumi. Chukua wiki wanayotaja mvua kuanza katika eneo lako, rudi nyuma siku 10 hadi 14, hapo ndipo unapanda. Ukipanda zaidi ya wiki tatu kabla, mchwa, panya na kanga watakushinda. Na usipande shamba lote. Panda nusu kwenye vumbi, nusu nyingine ibaki kwa mvua ya kweli. Mwaka kama 2021 nusu hiyo iliyobaki ndiyo akiba yako ya mbegu.

Kwa nusu hiyo ya pili unahitaji kipimo cha mvua, na si lazima ununue. Chukua kopo la kiwandani lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako vikiwa sawa. Lifunge kwenye nguzo urefu wa mita moja, mbali na mti au paa kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake. Kila siku saa tatu asubuhi ingiza rula, soma, andika, mwaga. Sentimita 2 za maji ni milimita 20. Ndoo haifai, kwa sababu mdomo wake ni mpana kuliko kitako na itakupa namba kubwa kuliko mvua iliyonyesha. Chupa ya maji yenye kitako chenye matuta nayo haifai.

Ukipata jumla ya milimita 25 ndani ya siku tatu, fukua mahali pawili au patatu. Udongo ukiwa umelowa hadi sentimita 10 na ukiubana mkononi unashikana, panda mahindi sentimita 5, na umalize ndani ya siku tatu. Milimita 12 na mawingu mazito si mvua ya kupandia, hata kama jirani ameshaingia shambani na ng'ombe wake. Jirani huyo ndiye utakayekutana naye dukani Novemba.

Shamba lililopandwa sawasawa huota kwa wakati mmoja, ndani ya siku tatu tokea mche wa kwanza uonekane.

Mashimo yasiyoota usiyarudishie mbegu kwa haraka. Subiri siku 10 baada ya ile mvua ya milimita 20, fukua uone hali ya mbegu. Ikiwa bado ngumu na kavu, iache, haijafikiwa na unyevu. Ikiwa imeoza au mzizi umekauka, rudishia, mradi tarehe haijavuka 20 Novemba. Baada ya hapo katika tambarare zetu mahindi, hata ya muda mfupi kama Situka au Katumani, hukutwa na jua la Januari yakiwa yanatoa mbelewele. Eneo hilo weka choroko au kunde, sentimita 3 hadi 4 kwenye udongo uliolowa, kesho yake tu baada ya kopo kukuonyesha milimita 20.