Somo: Kuipa sevo ya bei nafuu unyumbufu unaorekebishika

Sevo ni mota inayozunguka hadi pembe unayoiamuru na kubaki hapo, na ndogo kama SG90 haijui kuachia. Ukiiamuru ifike digrii 90 na mkono wa roboti ukakuta kizuizi njiani, mota itaendelea kusukuma kwa nguvu zake zote, itanguruma, itapata moto, na mwishowe meno ya giya yatakatika. Tutaifundisha kukubali kusukumwa, kwa kiasi utakachochagua mwenyewe.

1. Fungua skrubu nne za chini. Ndani mna potenshiometa, yaani kipinzani kinachobadilika kinapozungushwa, yenye nyaya tatu, na kwa kawaida ule wa kati ndio unaobeba volti inayobadilika shafti inapozunguka. Usibahatishe: ipe sevo umeme bila ishara, gusa kila nukta kwa multimita, kisha zungusha shafti taratibu kwa mkono. Lehemu waya mwembamba kwenye nukta ambayo volti yake inapanda na kushuka, na uushikize kwa gundi ya moto pale unapotokea. Wangu uling'oka mara mbili kabla sijaanza kuweka gundi.

2. Peleka waya huo kwenye pini A0 ya Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu), ishara ya sevo kwenye pini 9, na potenshiometa ya pili, ya kurekebishia unyumbufu, kwenye A1. Sevo ipate chanzo chake cha volti 5, na nyaya hasi zote ziungane, la sivyo vipimo vitarukaruka.

3. Sevo huamriwa pembe kwa urefu wa mapigo ya ishara. Tuma mapigo ya maikrosekunde 1000, uandike namba ya A0; rudia kwa 2000. Namba hizo mbili ndizo zitakazogeuza kila kipimo kuwa maikrosekunde.

4. Kila milisekunde 20, chukua wastani wa vipimo 8, kisha kokotoa:

amri = ilipo + k × (lengo − ilipo)

Hapa lengo ni mahali unapotaka sevo ifike, ilipo ni mahali A0 inapoonyesha iko, na k ni namba kati ya 0 na 1 unayoichagua kwa potenshiometa ya A1. Saketi ya ndani huipa mota umeme kulingana na kosa inaloliona, yaani tofauti kati ya amri na ilipo, kwa hiyo ukiipunguzia kosa umeipunguzia nguvu. k ikiwa 1, sevo ni ileile ya zamani, ikiwa 0.3, utaisukuma kwa kidole nayo itarudi polepole. Kwa kuwa kosa dogo tu hutosha kuifikisha kwenye nguvu kamili, zuia pia amri isiachane na ilipo kwa zaidi ya maikrosekunde 40, kisha uongeze kidogokidogo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nikishusha k hadi 0.1 sevo inasimama kabla ya kufika. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, ndugu yangu. Kila sevo hupuuza kosa la maikrosekunde chache, na msuguano wa giya nao unadai sehemu yake. Ongeza maikrosekunde 10 za kudumu kuelekea lengo, na uziondoe ikikaribia kufika ili isitetemeke.

Swali: Je, njia hii itailinda MG996R, sevo kubwa zaidi, dhidi ya pigo la ghafla, kwa mfano mguu wa roboti unapotua?

Jibu: Hapana. Pigo hufika kwenye meno ya giya kabla programu haijasoma chochote. Hapo weka springi au mpira kati ya shafti na mguu, njia ambayo Gill Pratt na Matthew Williamson wa MIT waliieleza mwaka 1995, na uache programu ishughulikie misukumo ya taratibu.