Somo: Chumba cha seva, anza na kuta kabla ya kamera

Kamera itakuonyesha mwizi akiondoka na seva, haimzuii. Fuata mpangilio huu.

1. Dari. Panda ngazi, inua bodi moja, mulika tochi. Ofisi nyingi zimegawanywa kwa kuta za jipsamu zinazoishia darini, hivyo mtu hupita juu na kushukia ndani bila kugusa mlango. Pandisha ukuta hadi kwenye zege, au ziba uwazi kwa nondo. Ukiwa huko juu tazama na mabomba: chumba kilicho chini ya choo au tangi hakifai, hata kiwe imara vipi.

2. Mlango. Uwe wa chuma au mbao nzito. Ukifungukia nje, bawaba ziwe na pini zisizochomoka.

3. Kitasa cha umeme. Hapa ndipo wengi huumia. Kitasa cha sumaku hushika kwa umeme tu. Ukikatika na betri ikaisha, mlango uko wazi. Sumaku ya kilo 280 hula takribani ampea 0.5 kwa volti 12, kwa hiyo betri ya 7 Ah (ampea-saa 7) kwa hesabu ni saa 14, na ikichakaa hata nusu haifiki. Chagua kinachobaki kimefungwa kwa nje umeme ukikatika, ila mkono wa ndani ufungue wakati wote bila kadi. Moto ukiwaka, mtu asinaswe.

4. Raki. Hili ni kabati la chuma linalobeba seva. Ifunge sakafuni kwa bolti nne za kutanuka, M10 au M12 (unene wa milimita 10 au 12). Badilisha vitasa vyake, maana raki nyingi hutoka kiwandani na ufunguo uleule. Kagua na bati za pembeni. Nyingine hubanduka kwa mkono.

5. Sasa kamera. Kinasa picha kikae chumba kingine, kisije kikaibwa pamoja na ushahidi.

Maswali

*Mkuu, mtungi wa unga wa kuzimia moto unafaa?*
Hapana. Unga huingia kwenye feni za seva na kula bodi za saketi. Tumia mtungi wa gesi ya CO2, na ukishapuliza toka haraka. Katika chumba kidogo gesi hiyo hufukuza oksijeni.

*Diski nimezisimba kwa BitLocker, programu ya Windows ya kusimba. Seva ikiibwa niko salama?*
Ukitegemea TPM pekee (chipu ndani ya seva inayotunza ufunguo wa diski), aliyebeba seva nzima ataichomeka na diski zitafunguka zenyewe. Ongeza PIN ya kuwashia.

*AC ikifa tunaacha mlango wazi. Tufanyeje?*
Wekeni geti la nondo lenye kitasa nyuma ya mlango, lenye mkono wa kufungulia kwa ndani, na wavu mnene ili mtu wa nje asiufikie.