Kabla ya kupiga eksirei ya kifua: mbavu zimelalaje, mgonjwa asimameje

Picha nyingi za kifua zinazolazimika kurudiwa huwa zimeharibika kabla kitufe hakijabonyezwa. Mashine nzima, umeme upo, ila mgonjwa kasimama upandeupande, au kavuta pumzi nusu, au sidiria bado iko mwilini. Eksirei ya kifua ni kivuli. Tenga la mbavu lenye mbele, nyuma na pande zake linageuzwa kuwa bapa kama kanga iliyopigwa pasi: mbavu za nyuma zinazilalia za mbele, moyo unaulalia uti wa mgongo, kombe la bega linalilalia pafu. Maandalizi yote yanalenga kupunguza kulaliana huko, na huwezi kufanya hivyo kama hujui mifupa yenyewe imekaaje.

Mbavu ni jozi 12, kwa mwanamke na kwa mwanamume. Anayeshikilia kwamba mwanamume amepungukiwa mmoja ahesabu kwenye picha. Zote huanzia nyuma, kwenye pingili za uti wa mgongo. Jozi 7 za juu hufika kwenye mfupa wa kidari, kila moja kwa gegedu lake, yaani ile tishu ngumu lakini laini kuliko mfupa. Ya 8, 9 na 10 huegemea gegedu la ubavu ulio juu yake. Ya 11 na 12 haziegemei popote, huishia ndani ya misuli. Jambo linalosahaulika ni mteremko: ubavu hauendi mlalo. Hutoka nyuma ukiwa juu, huzunguka pembeni, kisha hushuka kuja mbele. Ndiyo maana picha ina mistari ya aina mbili. Ya nyuma iko karibu na mlalo na huonekana wazi. Ya mbele imeinama kuelekea katikati, halafu inakatika ghafla kama barabara iliyoishiwa lami, kwa sababu gegedu halitoi kivuli cha kutosha. Anayechanganya mistari hiyo miwili hukosea hesabu, na karibu kila kipimo cha ubora wa picha hii kinategemea hesabu ya mbavu. Kwa wazee gegedu la ubavu wa kwanza huingia chokaa na kuonekana kama doa juu ya pafu. Wachache nao huzaliwa na ubavu wa ziada shingoni, juu ya ule wa kwanza.

Alama za nje zitafute kwa vidole. Mbele, gusa kishimo kilicho kati ya mitulinga miwili (mifupa ya mlalo iliyo chini ya shingo), shuka kama sentimita 5, utakuta kigongo cha mlalo juu ya kidari: hapo ubavu wa 2 ndipo unapoungana, na ndani, usawa huo huo, bomba la hewa hugawanyika mara mbili. Nyuma, mwambie mgonjwa ainamishe kichwa. Mfupa unaochomoza zaidi chini ya shingo ni pingili ya 7 ya shingo. Kutoka hapo shuka takriban sentimita 20 kwa mwanamume au 18 kwa mwanamke, karibu na usawa wa ncha ya chini ya kombe la bega. Katikati ya mionzi iwe hapo. Anayelenga kwa kukadiria tu huishia kukata pembe za chini za mapafu, mahali ambapo maji ya kwanza hujikusanya.

Nguo na nywele zinastahili muda kuliko zinavyopewa. Mgonjwa avue hadi kiunoni, avae gauni lisilo na vifungo au kanga. Kanga haina neno, tatizo ni fundo: likikaa kifuani linaweza kuacha kivuli kama cha uvimbe, kwa hiyo ichomekwe ubavuni. Simu ya mfukoni, mkufu na vifungo vya sidiria kila mtu anavijua. Misuko ndiyo inayoponyoka. Rasta nene, shanga na raba za nywele zikining'inia mabegani huacha michirizi juu ya ncha za mapafu, nyuma ya mitulinga, na hapo hasa ndipo kifua kikuu cha mtu mzima hupendelea. Zifungwe utosini. Hirizi ya mkononi haisumbui. Ya shingoni iombwe kwa adabu: “Mzee, naomba uishike kiganjani kwa dakika moja, kisha utaivaa mwenyewe.” Ukiivuta kwa nguvu utapata mgonjwa aliyekaza misuli na pumzi fupi.

Kivuli cha bure kina gharama. Anayeomba viza ya kukaa Uingereza zaidi ya miezi 6 akitokea Kenya, Tanzania au Uganda hupimwa kifua kikuu, na kwa mwenye miaka 11 au zaidi eksirei ndiyo hutangulia. Doa la msuko linaweza kumrudisha kwenye vipimo vya makohozi huku safari ikisubiri.

Sasa kusimama. Kifua kiguse bamba linalopokea picha, mgongo uelekee mashine, mionzi ipite kutoka nyuma kuja mbele. Sababu ni moyo, ambao umekaa mbele, karibu na kidari. Weka kiganja karibu na ukuta mbele ya koroboi, kivuli kitakuwa cha kiganja. Kisogeze kuelekea taa, kinakuwa cha zimwi. Kwa sababu hiyo hiyo mashine iwe mbali, sentimita 180. Kwa mpangilio huo upana wa moyo wa mtu mzima haupaswi kuzidi nusu ya upana wa kifua. Mgonjwa anayepigwa akiwa kitandani, kutoka mbele kwenda nyuma na mashine ikiwa kama sentimita 100 tu, moyo wake utaonekana mkubwa hata kama ni mzima. Andika kwenye picha kwamba ilipigwa hivyo, maana msomaji asipojua ataandika “moyo umepanuka”.

Uzito uwe miguu yote miwili, kidevu juu, mabega yashuke. Migongo ya viganja ikae kiunoni na viwiko visukumwe mbele, ili makombe ya mabega yatoke juu ya mapafu. Kombe lililobaki ndani huchora mstari mwembamba pembeni ambao kwa jicho la haraka hufanana na ukingo wa pafu lililosinyaa. Mgonjwa asigeuke hata kidogo: pafu moja litaonekana jeusi kuliko jingine na moyo utahama mahali pake. Tazama nyonga, usitazame mabega tu. Mtu hupindia kiunoni bila kujua, hasa aliyesubiri kwenye benchi tangu asubuhi.

Pumzi huharibu picha kuliko vyote vilivyotangulia. Mtu anapovuta hewa, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hushuka, na mbavu za chini hutanuka kwa kuinuka kama mshikio wa ndoo. Pumzi ikijaa, mbavu 9 au 10 za nyuma huonekana juu ya kiwambo, au 6 za mbele. Zikiwa 7 tu za nyuma, mapafu hayajajaa, mishipa ya damu imesongamana chini, na sehemu hiyo hupata weupe wa kumfanya mtu aandikiwe dawa za nimonia asiyokuwa nayo. Moyo nao hulala, ukaonekana mpana.

Kusema “vuta pumzi” peke yake hakutoshi. Wengi wakisikia hivyo hupandisha mabega, mitulinga ikapanda nayo na kufunika ncha za mapafu, hewa yenyewe ikaingia kidogo. Wafanyishe mazoezi kabla hujaenda nyuma ya kioo: “Mama, vuta hewa taratibu mpaka tumbo lijae, mabega yabaki chini. Achia. Sasa vuta tena, zaidi ya mwanzo. Ibane hapo hapo.” Pumzi ya pili kwa kawaida huzidi ya kwanza, basi piga hiyo. Na uangalie mwili, usisikilize sauti. Wapo wanaovuta kwa kelele nyingi puani na kifua hakijasogea. Anayekohoa sana apewe barakoa na dirisha liwe wazi, umsubiri amalize kukohoa. Mwenye maumivu makali ya ubavu hatafikisha mbavu 9 hata umbembeleze vipi. Andika kwamba pumzi ilikuwa fupi kwa maumivu.

Kilovolti, yaani kipimo cha nguvu ya mionzi kupenya mwili, hutegemea unachotafuta, kwa hiyo soma fomu ya daktari. Kwa mapafu, palipo na gridi (kichujio cha mionzi iliyotawanyika, kinachokaa mbele ya bamba), 110 hadi 125 hufifisha mbavu ili pafu lililo nyuma yake lionekane. Muda wa mionzi uwe mfupi sana kwa kuwa moyo haubani pumzi. Kwa mbavu zenyewe shuka hadi 70 na kitu, mfupa uonekane. Mbavu za juu ya kiwambo zipigwe mgonjwa akiwa amevuta hewa. Za chini zipigwe akiwa ametoa hewa, kiwambo kipande na kuziacha zote ndani ya kivuli cha tumbo. Fahamu pia kwamba picha ya kawaida hukosa mipasuko mingi ya mbavu. Baada ya ajali, daktari anayeomba kifua anatafuta zaidi hewa au damu iliyovuja nje ya pafu. Zikivunjika zile za 9 hadi 12, fikiria wengu upande wa kushoto na ini upande wa kulia.

Kuna mgonjwa asiyetakiwa kufika chumbani kwako kabisa: aliyeumia kifua, anatweta, mishipa ya shingo imesimama, presha inashuka, na upande mmoja wa kifua hausikiki hewa ikiingia. Hewa iliyonaswa humo inatolewa kwanza, papo hapo, na picha itafuata.

Mwanamke wa umri wa kuzaa aulizwe kuhusu ujauzito, faraghani, si mbele ya foleni. Picha moja ya kifua kwa mtu mzima ni takriban milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 0.02 hadi 0.1, sawa na mionzi ya asili ya siku chache hadi wiki mbili hivi, na tumbo la uzazi liko nje ya eneo linalopigwa. Picha yenye sababu haiahirishwi kwa hofu tu. Mtoto mdogo ashikwe na mzazi asiye mjamzito aliyevaa aproni ya risasi, nawe usubiri kilio: katikati ya kilio mtoto huvuta hewa, na hapo hapo ndipo pa kubonyeza.

Herufi ya upande wa kulia iwekwe kwenye bamba kabla. Wapo waliozaliwa moyo ukiwa kulia, na ukiiongeza baadaye kwa kompyuta ukifuata moyo ulipo, umewafutia ushahidi.

Mgonjwa asivae kwanza. Fungua picha kwenye skrini: ncha za mapafu na pembe za chini zote zimo? Mitulinga iko umbali sawa na mstari wa katikati wa uti wa mgongo? Pingili zinaonekana kwa mbali nyuma ya moyo? Hesabu mbavu za nyuma kuanzia ule wa kwanza kabisa, ule mfupi uliopinda sana juu ya mtulinga, kwa ncha ya kalamu, moja baada ya nyingine. Ukifika 9 na kiwambo bado kiko chini yake, mpe shati lake.